Fishi Ishirini na Nne za Maman Mukabera

Mimi ni mtu wa hasira. Naanza na hilo mwenyewe, asije mwingine akawaambia kwa nyuma. Nina kioski cha fotokopi mbele ya geti la chuo hapa Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo, mashine mbili na benchi moja, na wanafunzi wakiona nimekunja uso wanaweka karatasi zao mezani na kunyamaza. Mtu mmoja tu hajawahi kuniogopa, naye ni Maman Mukabera wa sekretaria.

Ungepishana naye njiani usingegeuka kumtazama. Ni mwanamke mfupi anayekaribia hamsini, sweta ya kijani juu ya kitenge hata jua likiwaka, miwani yenye mguu mmoja uliofungwa uzi. Kwa miaka kumi na saba ndiye aliyetunza fishi za wanafunzi. Fishi ni karatasi ngumu ya manjano, kila mwanafunzi na yake: jina, picha, sekta anayotoka, yaani kata yao, maksi, na chini nafasi ya kuandika yaliyompata. Kompyuta zilipoletwa alizijaza kwa vidole viwili kama anayechambua maharagwe, lakini fishi zake hakuzitupa. Alisema kompyuta ina kamraba kadogo tu ka kutia alama, na mambo ya watoto wa watu hayaenei humo.

Kila Septemba, mwaka wa masomo ukianza, alikuja kioskini kuchukua kalamu mpya nyekundu, na kila Septemba aliniuliza jambo lile lile.

"Josiane, masomo unayawazaka?"

"Maman, uniache."

"Nimekuacha, mwanangu." Anajaribu kalamu kwenye kiganja, anaondoka zake.

Swali hilo lilinichoma kwa sababu mimi nami nilisoma pale. Nilizaliwa ng'ambo, Kongo, tukarudi Rwanda nikiwa na miaka kumi na mmoja, tukapata shamba Bweyeye, kule barabara inakokaribia kumezwa na msitu wa Nyungwe. Mwaka wa kwanza chuoni niliupita vizuri. Wa pili niliufikisha nusu, ndipo mama akaanguka, nikapanda Bweyeye kumuuguza. Sasa sikilizeni sheria ya chuo, maana mambo yote yanatokea hapo. Ukitaka kusimamisha masomo, ufike mwenyewe ndani ya siku thelathini, utie sahihi, uandikwe "ameahirisha", na maksi zako zinakungoja. Usipofika unaandikwa "ameacha". Jina linafutwa, na ukirudi unaanza chini kabisa, mgeni kama wageni wengine.

Mimi sikufika. Mvua ilikuwa imekata barabara, na mama alikuwa hataki niuachie mkono wake. Nilipomaliza kumzika nilishuka Kamembe nimevimba kwa hasira, nikaingia sekretaria, nikamwambia Maman Mukabera mbele ya watu wote afute jina langu, nisilione tena katika karatasi yoyote ya chuo chao. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Nimesikia." Hiyo ilikuwa mwaka 2015. Nikafungua kioski mita thelathini kutoka geti lile lile, msiniulize kwa nini hapo na si kwingine.

Miaka mitatu iliyopita akaja Prof Hugues. Anafundisha takwimu, anaishi Bukavu, na kila asubuhi anavuka daraja la Rusizi kwa miguu na mkoba wake kifuani. Mtu wa heshima, hapiti bila salamu. Yeye alichukua yale yote Maman Mukabera aliyoyajaza kwa vidole viwili, miaka kumi na miwili ya wanafunzi, akayapigia hesabu, ikawa kila mwanafunzi mpya anapewa namba yake kati ya mia: uwezekano wa kumaliza chuo. Hesabu inatazama maksi za sekondari, siku alizohudhuria, sekta anayotoka, na jinsi wenzake wa huko waliomtangulia walivyoishia. Juu ya sabini unaandikwa kwa kijani, chini ya arobaini kwa nyekundu.

Nia ilikuwa njema, silikatai. Ndani ya ua wa chuo kuna nyumba ya wasichana yenye vitanda kumi, na kuna masomo ya jioni kwa wanaolemewa. Zamani vitanda hivyo vililaliwa na wenye mjomba anayejuana na wakubwa. Sasa vingepewa wale kumi wenye namba ndogo kabisa, wale ambao hesabu inaona wanakaribia kuacha. Nilipoambiwa nilisema, ayii, kwa mara ya kwanza pale ndani wamefanya jambo la akili.

Mwaka jana, Oktoba, ndipo nilipomjua Mutoni. Alikuja kunakili daftari la mwenzake, na nilipomgeukia alikuwa amelala. Amelala amesimama, mkono juu ya kifuniko cha mashine, matope hadi magotini. Nikampigia kelele, akashtuka, akaomba radhi kwa Kinyarwanda cha kwetu kabisa. Nikamuuliza ni wa wapi. Bweyeye. Nikamvutia benchi na kumpa chai.

Alikuwa mwaka wa kwanza, akikaa kwa shangazi yake huku upande wa Mibirizi. Kila siku alitoka alfajiri, akashuka vilima kwa vijia vya miguu, na akibahatika lori la saruji linalotoka Muganza lilimchukua kipande cha mwisho. Jioni alirudi hivyo hivyo. Hakuwa amekosa hata siku moja. Bila kulia aliniambia kwamba mwezi ukiisha atarudi kwao kulima, maana miguu imekataa na kichwa hakishiki tena kitu. Aliomba kitanda katika ile nyumba ya wasichana. Wakamjibu kwamba yeye ni kijani: tisini na moja kati ya mia.

Kijani! Mtoto analala juu ya mashine yangu, wanasema kijani. Ilikuwa Jumanne, na orodha ya vitanda ilikuwa inafungwa Ijumaa. Nikabeba karatasi za sekretaria nilizokuwa nimeziandaa, nikaingia nazo ndani nikiwa nimeshajiandalia maneno.

Nikawakuta wawili, Maman Mukabera kwenye kabati lake na Prof Hugues mbele ya kompyuta.

"Prof, huyu mutoto Mutoni anaanguka, na munasema eko muzuri. Hiyo hesabu yenu inaonaka na macho gani?"

Hakukasirika. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. "Maman Josiane, angalia weye mwenyewe. Hakosake masomo hata siku moja. Sekondari alipata maksi ya juu. Na tena anatoka Bweyeye."

"Bweyeye iko na nini?"

"Bantu ba kule ni bagumu sana. Tulipata banafunzi makumi ine ba Bweyeye, na bale baliacha masomo ni babili. Babili tu! Hata hapa Kamembe mujini haiko vile. Hata mi ilinishangaza."

Nikacheka, na si kicheko kizuri. "Prof, mimi ni wa Bweyeye. Nikikaa hapa nitakutajia kumi walioshika jembe, na chai haitapoa."

"Sasa hao kumi baliandikwa wapi?" akauliza kwa upole kabisa, na sote wawili tukamgeukia mwenye kuandika.

Maman Mukabera alikuwa ameshika mlango wa kabati. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Prof," akasema, "unipe mpaka kesho kutwa." Akatoka nje bila sweta yake.

Saa kumi jioni hiyo alikuja akaketi kwenye benchi langu. Wanafunzi walikuwa wamepanga foleni, nikawaambia mashine zimeharibika waende. Akaanza kuzungumza akitazama barabara.

"Haiko babili, Josiane. Ni makumi mbili na sita."

Akanieleza taratibu. Wanafunzi wa karibu wakikwama wanafika wenyewe kutia sahihi, wanaandikwa "ameahirisha", wanaendelea na maisha yao. Wa Bweyeye hawafiki. Barabara imekatika, au mtu anauguza, au ameona haya, siku thelathini zinapita. Basi yeye aliwaandikia. Alitia alama kwenye "ameahirisha" kwa niaba yao, na kila Septemba akaongeza mwaka mmoja tena, ili siku mtu akirudi akute maksi zake. Ishirini na nne kwa miaka yote hiyo. Kwa kompyuta, hao wote walikuwa bado wanafunzi, na hesabu iliona watu wa Bweyeye ni chuma.

"Kwa nini, Maman?"

"Juu nami nilifutwa." Mwaka 1996 alikuwa mwaka wa pili wa ualimu huko Bukavu. Vita vikaja, akavukia huku kwetu, Cyangugu, na sufuria moja na mdogo wake. Baada ya miaka mitatu alirudi kuomba maksi zake tu, karatasi moja. Bwana wa ofisini alifungua daftari kwa mkono mmoja, mkono mwingine una andazi, akamwambia: "Maman, hapa ulishafutwa." Akaendelea kula. "Hata hakuangalia uso yangu. Nikasema, kama siku moja nitapata kabati, mu kabati yangu hakuna muntu atafutwa hivi. Nilijua ni uongo. Nilisema ni uongo kiloko, kadogo tu, hautaumiza muntu."

"Umemuumiza Mutoni," nikasema. Ulimi wangu ndivyo ulivyo. Uso wake ulibadilika nikajuta papo hapo, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilikuwa la kweli.

Nimeliwaza sana jambo hili tangu siku ile, huku mashine zikitema karatasi. Mama huyu aliwaficha watu wake kwa huruma, akawaficha vizuri mno, hata msaada ulipokuja ukiwatafuta watu wa Bweyeye haukuwaona. Na siwezi kusema alikosa moyo. Moyo ndio uliomponza. Lakini sikujua wala sijui bado ningefanya nini mahali pake.

"Nikisema kweli," akaendelea, "Mutoni anapata kitanda. Lakini bale makumi mbili na ine banafutwa siku moja. Na mimi pia, labda. Huyu mumoja eko mbele ya macho yangu. Hao bengine banangoja."

"Hawangoji, Maman. Walishasahau zamani."

"Weye unajua je?" Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Kisha akaenda zake kuichukua sweta.

Alhamisi asubuhi akaingia kwa direkteri wa chuo, Mzee Sibomana, akiwa amebeba fishi zote ishirini na nne kifuani. Prof Hugues alikuwamo, na ndiye aliyenisimulia. Mzee Sibomana ni mtu wa sheria, alipiga meza mpaka kalamu zikaruka. Akamuuliza kama anajua kwamba amedanganya chuo kwa miaka kumi na miwili. Akajibu anajua. Akamuuliza nani alimwagiza. Akajibu hakuna. Akamuuliza basi amekuja kutaka nini, kusamehewa? "Hapana, Mzee. Nimekuya mubadilishe hesabu mbele ya Ijumaa."

Prof Hugues akajaribu kumtetea, akasema hesabu ile haina kosa, ilicholishwa ndicho kilichokuwa na kosa, lakini yeye mwenyewe angepaswa kuuliza, maana namba ikipendeza kiasi kile mtu anafunga safari kwenda kuitazama. Kumbe katika miaka miwili hakuwahi kukanyaga Bweyeye. Aliniambia hivyo amesimama kwenye kioski changu, mkoba kifuani, na nilimhurumia, jambo ambalo silifanyi kila siku.

Mchana huo huo akapiga hesabu upya. Ishirini na sita kati ya arobaini. Mutoni akaanguka kutoka tisini na moja hadi thelathini na mbili, nyekundu kabisa, akawa wa tisa katika orodha ya vitanda. Nilimpelekea habari mwenyewe, na sijawahi kumwona mtu anafurahia namba mbaya vile. Jumamosi alileta gunia lake la nguo na godoro. Akalala mpaka Jumapili alasiri, misa ikampita, na hakuna aliyemwamsha.

Maman Mukabera hakufukuzwa. Alipewa barua ya onyo, akanyang'anywa ufunguo wa kabati, akapelekwa stoo ya viti na mapazia, kule nyuma, peke yake. Kuhusu wale ishirini na nne, Mzee Sibomana alisema majina yafutwe yote tarehe thelathini Novemba. Kisha, sijui nini kilimgusa, akaongeza: isipokuwa mtu akifika mwenyewe kabla ya hapo, kwa miguu yake, na kutia sahihi kwenye fishi. Akamwachia fishi zake hadi siku hiyo.

Stoo haina hata dirisha, simu haishiki mtandao. Kwa hiyo kila alasiri, kwa wiki nne, alikuwa kwenye benchi langu, fishi magotini, akipiga simu. Namba nyingi hazikuwa hai tena. Alitafuta ya jirani, ya padri, ya mwenye boda anayepanda Bweyeye. Nilimsikia akisema kila mara maneno yale yale, kwa sauti ile ile: "Ni Mukabera wa sekretaria. Maksi zako ziko. Banataka kuzifuta. Unasema nini?"

Mmoja alicheka, akasema Maman, mimi nina watoto watatu na ng'ombe, futa tu. Mmoja alikuwa anauza vitenge Bukavu, hakuwa na nafasi hata ya kumsikiliza. Mmoja akakata simu. Mwanaume mmoja, Habumugisha, aliuliza alipata ngapi katika hisabati. Maman akamsomea: kumi na sita kati ya ishirini. Akasema asante sana, akaomba amsomee tena, na hakurudi. Lakini mmoja, Tuyishime, alifika, siku mbili njiani na mtoto mgongoni, akatia sahihi akiwa hata hajaketi. Kila aliyekataa, Maman aliandika mstari mmoja kwa kalamu nyekundu, akaifungia fishi ile kwa mpira, akapumua, akachukua nyingine.

Na mimi je? Mimi nilifanya fotokopi. Nilinuna, nikawafokea wanafunzi, nikasema huyu mama ananiletea msiba kwenye benchi langu. Kila simu ilipolia mahali fulani kule milimani, mikono yangu ilisimama kwenye mashine, na sikutaka mtu aone.

Tarehe thelathini ilikuwa Jumamosi, saa tisa. Alifunga fishi ya mwisho kwa mpira, akaiweka juu ya zile nyingine.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Bado."

"Ulisema ishirini na nne. Mimi nimehesabu watu ishirini na watatu. Huyo mwingine hapatikani?"

"Anapatikana. Hakubalike tu kuulizwa." Akatoa karatasi ndani ya sweta yake, akailaza juu ya mashine.

Mukagasana Josiane. Sekta: Bweyeye. Kwenye picha nina miaka ishirini na mmoja na ninacheka, sikumbuki nilikuwa nacheka nini. Maksi zangu zote zipo. Na chini, kwa wino mwekundu, mistari kumi ya mwandiko wake.

Septemba 2015: Mama yake amefariki. Ana hasira.

Septemba 2016: Bado ana hasira.

Septemba 2017: Bado ana hasira.

Septemba 2018: Bado ana hasira. Amenunua mashine ya pili.

Ikaendelea hivyo, mwaka kwa mwaka, mpaka ule wa mwisho: Septemba 2024, bado ana hasira, lakini ameuliza kama mwaka wa pili wanatumia vitabu vile vile.

Ni kweli niliuliza. Niliuliza kwa dharau, nikiwa nimempa mgongo.

"Nilikuambia unifute!" nikapaza sauti, hata mlinzi wa geti akageuka. "Mbele ya watu! Nilikuambia!"

"Ulisema. Nami nilikujibu nimesikia." Akarekebisha miwani. "Sikukuambia nitafanya."

Nikalia. Nasema wazi, nililia kwa sauti mbele ya geti, mimi Josiane, na machozi ya kumlilia mama niliyokuwa sijayamwaga yalitoka pamoja. Prof Hugues alikuwa anatoka kwenda kuvuka, akasimama hajui aende au abaki. Nikamwonyesha fishi. Nikamuuliza, mtu aliyekaa nje miaka tisa, hesabu yako inampa ngapi?

Akaisoma yote, mstari kwa mstari. "Haiko hata mumoja mwenye alirudi nyuma ya miaka tisa," akasema. "Sina namba ya kukupatia, Maman Josiane. Hesabu haikujue."

 Maman Mukabera alitoa kalamu nyekundu aliyoichukua kwangu Septemba, akaijaribu kwenye kiganja chake, akanishikisha. Chini ya mistari yake kumi palikuwa pamebaki nafasi ndogo.

Nikatia sahihi, na kando yake nikaandika: Novemba 2024. Amerudi. Bado ana hasira.